Betri ya Miaka Kumi

Jumanne, 5 Agosti 2025

Inveta ya sola imelia tena. Pii, pii, pii – halafu giza. Hata isha haijaadhiniwa. Stima ya nje nayo imekatika tangu alasiri, kwa hiyo tumebaki na tochi ya simu ya Twaiba.

Barafu za ukwaju zimelainika zote kwenye friza. Mtoto wa jirani alikuja dirishani kununua, nikampa bure iliyokwisha kuwa maji. Akatoboa pembe ya mfuko kwa meno, akanywa, akasema ni tamu vilevile. Mungu amkuze.

Marehemu mume wangu, Abdulwahab, alikuwa akizijua betri zake kwa kuzigusa. Mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa. "Hii ya pili leo imechoka." Nilikuwa nikimcheka. Leo nimezigusa mimi, zote nne. Sikusikia kitu.

Twaiba ni wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye anayekaa nami edani. Anasema betri zimekufa kwa huzuni. Nikamwambia basi na sisi tungekwisha kufa.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Swabir amekuja na unga na samaki wawili, changu. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tangu msiba yeye ndiye miguu yangu, maana sitoki nje mpaka eda iishe. Hajawahi kunung'unika. Huyo lazima nimwandike kwa wema.

Nikamweleza habari ya betri. Akasema hilo dogo, kuna mtu Ukunda anauza betri zilizotolewa kwenye mnara wa simu. Zimetumika, lakini bado zina nguvu.

"Za kukuvusha tu, shemeji. Za kwa muda."

Nikamuuliza, muda gani?

Akakohoa. Akasema chai ya leo ina tangawizi nzuri.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Ijumaa ilikuwa siku ya marehemu kuzinywesha betri. Akitoka msikitini anavua kanzu, anaitundika, anabaki na kikoi na fulana ile yenye tundu. Anachukua chupa ya maji ya betri na anafungua vifuniko kimoja kimoja. Hapendi mtu azungumze naye mpaka amalize. Halafu ndipo anauliza, "Pilau liko wapi?"

Tangu azikwe hakuna aliyezitia maji. Sikukumbuka hata mara moja. Leo nimejaribu. Tone moja la maji ya ndani limenirukia, na leso yangu nyeupe sasa ina tundu dogo, limeungua kingo.

Twaiba: "Haya, mmefanana."

Jumapili, 10 Agosti 2025

Betri za mnara zimefika kwa tuk-tuk. Swabir amezifunga mwenyewe, mbili hizo na mbili za zamani zilizoonekana nzuri. Taa ziliwaka. Tukampigia makofi. Friza inanguruma. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Zimekufa. Zimekufa mapema kuliko zile za mwanzo! Moja imevimba ubavu kama mtu aliyeshiba vibaya. Tumezizima zote kwa hofu.

Samaki wa Bi Hasina wa nyumba ya nyuma walikuwa kwenye friza yangu. Nimewarudisha haraka awakaange. Hakusema neno baya, lakini kesho samaki wake atawapeleka kwingine, na ana haki.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Leo mengi.

Swabir alitaka kuleta fundi wa Ukunda. Twaiba akasimama mlangoni. Betri ziko kwenye ushoroba, na ushoroba unapakana na chumba changu. "Mwanamume wa kando hapiti mlangoni kwa mwenye eda. Kama ni fundi azitengeneze kutoka barazani!" Swabir akasema, dada, betri haitengenezwi kwa dua ya mbali. Wakabishana mpaka nikapata usingizi.

Yusra ndiye aliyetatua. Binti yangu huyu anakaa Ukunda, yuko mapokezi kwenye hoteli Diani, anajua watu. Akatuma fundi wa kike.

Jumwa jina lake. Mtu wa Kinango, mrefu, suruali yenye mifuko mpaka magotini, anatafuna jojo, chingamu ya dukani. Anafunga sola kwenye nyumba za wageni huko Diani. "Shikamoo mama. Pole na msiba. Mgonjwa yuko wapi?" Akafikiri anachekesha, kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani, akaziba mdomo. Mimi nilicheka. Nilikuwa sijacheka hivyo siku nyingi.

Akapima moja moja. Akasema aliyeuza za mnara tusihangaike kumrudishia, fedha amekwisha kula. Na kosa jingine: betri nzee na ngeni hazifungwi pamoja, iliyochoka inaivuta nzima mpaka zote zichoke. Swabir kule barazani akajifanya hakusikia.

Kisha akabonyeza vitufe vya inveta, akasoma, akanitazama.

"Mama, mwezi wa sita hapa kulikuwa na nini? Hizi betri zilikuwa zinakombwa mpaka chini. Kila siku, mfululizo. Betri ya maji hairudi kutoka huko."

Nikamtazama Twaiba. Tulikuwa tunajua wote wawili.

Ilikuwa matanga. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na umeme mtaa mzima. Simu za watu zilijaa kwenye soketi kama popo. Taa za uani ziliwaka mpaka alfajiri, birika la stima halikupoa, na kipaza sauti cha hitima kilichomekwa hapahapa. Nani angemwambia mtu aliyekuja kulia nawe achomoe simu yake? Ni aibu. Aliyekuwa akipita kila jioni na kusema "zimeni, zimeni" ndiye tuliyekuwa tukimlilia.

"Kwa hiyo unataka kusema," Twaiba akamwambia Jumwa, "sisi wafiwa ndio tumeziua?"

"Sisemi hivyo, mama. Nasema zimekufa."

Jumwa akauliza matumizi yangu. Nikamtajia friza, feni, taa ya barazani, taa ya chumbani, redio. Akaandika kwenye simu. Kisha akauliza: "Mtakaa wangapi hapa?"

Twaiba akanitangulia. "Kwa sasa ni sisi wawili."

Jumwa akaandika wawili.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Maneno ya Jumwa, nisije nikayasahau.

Ninaweza kununua betri za maji mpya, kama zile za marehemu. Ni rahisi kuzipata, lakini ukiwa nazo nne unatumia nguvu za mbili. Nguvu iliyobaki ni ya kutazamwa, ukiigusa unaziua betri. Zinataka maji na zinataka hewa. Zikitunzwa ni miaka mitatu, minne.

Au lithiamu. Moja tu, inatundikwa ukutani kama kabati. Hainywi maji, haitoi harufu. Unaitumia karibu yote na ikikaribia kuisha inajizima yenyewe, haingoji mtu apite akisema zimeni. Inveta ya marehemu inaikubali, itabadilishwa mipangilio tu. Miaka kumi.

Nikamuuliza, kweli kumi?

Akatoa jojo mdomoni. "Wenye kuuza wanasema kumi. Mimi niko kwenye kazi hii mwaka wa sita, kwa hiyo kumi sijaiona. Na hapa kuna joto na chumvi. Lakini niliyoifunga mwanzo bado inafanya kazi."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Yusra alikuja na maandazi na nguo zangu alizofua. Akanibusu mkono, akakaa kitandani ubavuni kwangu kama alipokuwa mdogo. Anakonda. Nikamwambia, akasema ni mimi ninayekonda.

Tukazungumza habari ya betri. Nikasema nafikiria ya lithiamu. Akaangalia chini.

"Mama, kwa nini ujitaabishe? Za mnara wangekubadilishia tu. Eda ikiisha si unakuja kwangu?"

Nikasema, nani kasema?

Ikawa nani-kasema ndefu. Kumbe walikwisha kuzungumza, yeye na ami yake Swabir, tangu arubaini. Chumba kule Ukunda amekwisha kukipaka rangi, ya samawati kwa sababu naipenda. Na nyumba hii ina mtu anayeiulizia aipange, mwalimu wa kuogelea hotelini kwao, anaitwa Harrison. Kijana mtulivu. Halewi.

Sikukasirika. Naliandika kwa sababu nimejichunguza. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kitanda chake kimekwisha kutandikwa na mwingine, na kimetandikwa vizuri.

"Usiku ukizidiwa, nani atajua?" akasema Yusra. Machozi yakamtoka. "Baba alianguka kukiwa na watu, na bado hatukumuwahi."

Nikamshika. Nikamfuta machozi kwa ncha ya leso.

Alipoondoka nikafahamu kile kikohozi cha Swabir. Za kwa muda. Betri ilikuwa ya kwa muda kwa sababu mimi ni wa kwa muda.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Mawingu. Paneli hazikupata kitu. Tumelala mapema.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Nimezunguka nyumba yangu leo, ndani kwa ndani, kwa kuwa nje siwezi. Chumba, ushoroba, jiko, ua. Haichukui muda. Kiwanja tulinunua pamoja na marehemu, hati ina majina yetu wawili. Fungu lake litagawanywa eda ikiisha, Swabir na Twaiba wana haki yao humo na sisemi hawana. Lakini langu liko.

Nikafikiria Ukunda. Chumba cha samawati. Pikipiki usiku kucha, na Yusra kazini mpaka usiku, kwa saa za wageni. Nitakaa nikimngoja. Hapa najua sauti ya kila mlango wa mtaa huu. Asubuhi watoto wanabisha dirishani, "Bi Mwanaima, barafu!" Hata edani hawajaacha kubisha. Twaiba anawafukuza nami nawaita warudi.

Na nikafikiria betri za maji. Ninazipenda, huo ndio ukweli. Nilijiona kila Ijumaa na chupa, vifuniko kimoja kimoja, bila kusema na mtu. Ningekuwa kama niko naye. Ile nyingine haitaki kitu kwangu. Inatundikwa, basi. Ijumaa itakuja na sitakuwa na la kufanya.

Lakini yeye mwenyewe hakuzipenda! Leo ndiyo nimekumbuka. Alikuwa akinuna. Mgongo ulikuwa ukimuuma akiinama pale. Siku moja alisema akipata kiinua mgongo cha hoteli alikofanya kazi atanunua "zile za kisasa" na hatainama tena kwa betri, atainama kwa Mola wake tu. Nilikuwa nikikuna nazi. Sikumjibu, nilidhani tutazungumza baadaye.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Nimempigia Jumwa. Lithiamu.

Akauliza kama nimeshauriana na wenzangu. Nikasema fedha ni zangu, za barafu na za kikundi chetu cha akina mama, hazitoki kwenye mirathi. Nikazituma kwa simu kabla sijaogopa. Kisha nikaogopa.

Twaiba alinisikia. Akaacha kupeta mchele.

"Mjane na betri ya miaka kumi! Wewe, unamngoja nani?"

"Nangoja friza igande."

"Swabir anajua?"

"Ataiona ukutani."

Akapeta, akapeta. Halafu, polepole: "Mimi nilipofiwa na wangu walinihamisha siku eda ilipoisha. Sikuulizwa. Sikujua kama mtu anaulizwa." Akaendelea kupeta. Sijui kama alinisema au alinisifu.

Nimeona hivi: sitagombana na mtu. Betri itasema kwa niaba yangu. Wakiiona wataelewa kwamba mtu anayehama hanunui kitu kama kile.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Jumwa: betri iko Mombasa, gari liko kwenye foleni ya feri. Kesho, au keshokutwa.

Yusra amepiga, sikumwambia. Nimemuuliza amekula nini. Chipsi.

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Naandika sasa hivi, chumbani, pazia limeshuka. Wao wako nje. Niandike kabla halijaharibika kichwani.

Betri imekuja asubuhi. Nzito! Jumwa na dereva wa tuk-tuk waliibeba mpaka barazani, dereva akaishia hapo, sheria ya Twaiba. Kutoka hapo Jumwa na Twaiba wameiburuta juu ya mkeka mpaka ushoroboni. Twaiba akihema: "Miaka kumi yote imo humu ndani, ndiyo maana haibebeki." Ni nyeupe, safi, ina taa ndogo za kijani ubavuni. Jumwa alikuwa ndiyo kwanza atoe drili.

Hodi. Swabir. Na sauti nyingine nisiyoijua, ya kijana.

Nikaingia chumbani, nikashusha pazia. Nikasema haya, sasa ataiona, ataelewa.

Akaiona kwa mlangoni. Kisha akacheka kwa furaha! "Shemeji! Hukuniambia! Harrison, njoo utazame."

Yule Harrison, mwalimu wa kuogelea. Amekuja kutazama nyumba. Akachungulia kutoka barazani. "Wueh! Lithium! Mzee, hii ni noma. Hapo Wi-Fi haizimi hata stima ikienda. Nikipata hii mimi nahamia hata kesho, si mchezo."

"Kesho hapana," Swabir akasema, "eda kwanza iishe." Kisha akamweleza Jumwa asitoboe ushoroboni. Atoboe sebuleni, nyuma ya mlango, maana ushoroba Harrison atataka kuweka kabati. Sivyo, Harrison? Ndivyo.

Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono mapajani. Ile betri niliyoitegemea iseme, imesema maneno mengine kabisa. Imeipamba nyumba kwa ajili ya mpangaji.

Jumwa akaita: "Mama? Niweke wapi?"

Swabir: "Nimekwambia, sebuleni."

Jumwa: "Nimemuuliza mwenye betri, baba."

Twaiba alikuwa karibu na pazia langu. Akaniwekea kidole mdomoni. Sauti ya mwenye eda haisikiwi na mwanamume wa kando, ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Sheikh alikwisha kutuambia jambo la dharura mtu husema, lakini Twaiba ana sheikh wake kichwani. "Niambie mimi," akanong'ona, "nitawaambia."

Nikamwambia. Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakuweza. Ndugu yake huyo, na yeye hajawahi kumpinga mbele ya watu.

Basi nikasema mwenyewe. Nikasimama nyuma ya pazia, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Swabir. Iwekwe hapo ushoroboni. Nyumba haipangishwi. Mimi ninakaa hapa."

Kisha, kwa sababu kijana hana kosa: "Harrison, mwanangu, uwe radhi. Wamekusumbua bure."

Nilisikia viatu vya mtu vikigeuka kwenye changarawe. Harrison akasema sawa mama, hakuna noma, akaenda zake.

Swabir akabaki. "Shemeji, haya si mambo ya kusemea penye fundi." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia. Nikasema najua. Umenitendea wema, Swabir, na wema wako siusahau, lakini hukuniuliza. Akasema, na huyo mtoto aliyekwisha kukupakia chumba rangi, nimwambie nini? Nikasema nitamwambia mimi. Akatoka. Namsikia uani anazungumza kwenye simu na Yusra, "Hebu zungumza na mamako..."

Twaiba amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Anasema tu "Ee Mola wangu," lakini mdomo wake, wallahi, unacheka.

Jumwa ameniita nitoke, ushoroba sasa ni wa wanawake watupu. Nikatoka. "Simama hapa, mama. Inua mkono, usijinyooshe sana. Hapo unapofika bila taabu ndipo kitufe kitakapokaa." Nikaweka kiganja ukutani. Akapiga alama ya penseli juu ya vidole vyangu, akaniambia niondoe mkono.

Nimerudi kuandika. Drili inalia, vumbi la matumbawe linapita chini ya pazia. Simu yangu nayo inalia kitandani. Yusra. Imekatika. Inalia tena. Nitaishika, lazima niishike, ni mwanangu. Sijui nitamwambia nini juu ya kile chumba cha samawati.

Tundu la kwanza limekwisha. Bado matatu. Jumwa akimaliza matundu, naishika simu.